Bura Gani? Kuhusu Vichwa vya Kurasa za Tovuti ya Kikundi



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: "Tumetengenezewa tovuti, tumemlipa fundi, lakini hakuna mtu anayetupata kule kwenye intaneti. Kosa liko wapi?" Swali hili tumelisikia upande huu wa mto na ng'ambo pia. Leo tunataka kulijibu, na jibu letu linaanza na mbuzi.

Mwaka 2022 ukame ulikuwa umetubana vibaya. Mvua za mwisho wa 2020 zilikosekana, zikakosekana tena na tena. Kikundi kimoja cha akina mama hapa Bura, upande wa Garissa, kikakata shauri kuuza mbuzi mapema kabla hawajakonda. Uamuzi wa busara kabisa. Tena walikuwa na tovuti, maana kijana wa mmoja wao alisomea mambo ya kompyuta akawatengenezea.

Sasa, kule Mombasa kulikuwa na mfanyabiashara aliyeambiwa na shemeji yake kwamba akina mama wa Bura wana mbuzi wazuri. Namba ya simu hakupewa. Basi akafanya wanavyofanya watu siku hizi, akatoa simu mfukoni akaandika "akina mama Bura mbuzi". Bura akaipata, kumbe ni Bura ya kule Taita! Akapiga simu moja, akaambiwa sisi hatuna habari ya mbuzi hao. Akachoka, akanunua kwingine.

Akina mama walikuja kuijua habari hii miezi minne baadaye, yule shemeji alipokuja harusini. Wakati huo mbuzi waliobaki walikuwa ngozi na mifupa. Wengine walikufa, na waliouzwa waliuzwa kwa bei ya kutupa.

Hatuwezi kuapa kwamba tovuti iliyoandikwa vizuri ingemleta mnunuzi yule. Pengine angekawia barabarani, pengine wasingeelewana bei. Lakini tulipoketi na akina mama tukaifungua ile tovuti, tuliona jambo ambalo tangu hapo tumeliona kwa vikundi vingine vingi. Tovuti ina kurasa saba: wa mwanzo, wa mbuzi, wa nyasi kavu, wa mikeka, wa hesabu, wa picha na wa simu. Na zote saba, pale mahali pa kichwa, zimeandikwa neno moja tu: "Nyumbani".

Mnayajua makopo ya Kimbo. Mafuta yakiisha, kopo halitupwi, linawekwa sukari. La pili linawekwa chumvi, la tatu majani ya chai, la nne misumari ya mzee. Mwenye jikoni anajua lipi ni lipi. Lakini mgeni akiambiwa alete sukari, atasimama mbele ya makopo manne yaliyoandikwa Kimbo, na itabidi afungue moja moja. Mgeni wa intaneti hafungui moja moja. Anaondoka.

Kichwa tunachokizungumzia ni kipi hasa? Hapa watu wengi huchanganya. Si yale maandishi makubwa yanayoonekana juu ya picha unapofungua ukurasa. Hayo nayo yana kazi yake. Kichwa cha ukurasa, ambacho mafundi hukiita taito, kimeandikwa ndani, katika maelezo ambayo kompyuta inasoma kwanza. Wewe unakiona kwenye kichupo, yaani kale kasehemu kadogo juu kabisa ya dirisha la kompyuta. Unakiona pia ukitafuta kitu kwa Google: yale maandishi makubwa ya rangi ya buluu unayobonyeza, mara nyingi ndiyo kichwa cha ukurasa. Na ukimtumia mtu anwani ya ukurasa kwa WhatsApp, mara nyingi kichwa hicho ndicho kinachotokea pamoja na anwani. Kwa hiyo mtu anakisoma kabla hajaingia ndani. Ni kama kibao cha barabarani.

Jambo hili si geni. Maelezo rasmi ya lugha ya HTML, ile inayotumika kuandikia kurasa za tovuti, yalipotolewa Novemba 1995, yalisema kwamba kila ukurasa lazima uwe na kichwa, na kwamba kichwa hicho kieleweke hata mtu akikikuta peke yake, mbali na ukurasa wenyewe. Wakatoa na mfano: neno "Utangulizi" likisimama peke yake halimwambii mtu kitu. Utangulizi wa nini? Wakashauri pia kichwa kisifike herufi 64, kisije kikakatwa. Google yenyewe ilianzishwa 1998, yaani shauri hili lilikuwepo kabla yake, na hadi leo ni shauri zuri.

Mtambo wa kutafuta unafanya kazi namna gani? Kwa kifupi, kuna programu inayozunguka mchana na usiku ikisoma kurasa za tovuti na kuziweka katika orodha kubwa, kama ile faharasa ya mwisho wa kitabu inayokuambia neno fulani liko ukurasa wa ngapi. Mtu akiandika maneno yake, mtambo unatazama katika orodha na kuleta kurasa unazodhani zinafaa. Unapima mambo mengi, nasi hatutajifanya kwamba tunayajua yote. Ila kichwa ni mojawapo ya dalili unazozitazama ili kujua ukurasa unahusu nini. Sasa ukiupa kurasa saba zenye kichwa "Nyumbani", umeuambia nini? Nyumbani kwa nani? Ulimwenguni kuna kurasa za "Nyumbani" zisizo na idadi.

Google ikiona kichwa hakifai, inaweza kuunda kingine yenyewe, kwa kuchukua maneno yaliyo ndani ya ukurasa au yale ambayo tovuti nyingine zimetumia kuuelekeza. Utaratibu huo waliubadilisha Agosti 2021, na wakati mwingine unasaidia. Lakini ni sawa na kumwachia mpita njia aandike kibao cha duka lako. Huenda akaandika vizuri, huenda akaandika kile alichokiona mlangoni siku ile.

Sasa tuje kwenye jina letu wenyewe, maana hapa ndipo penye shida zaidi. Ukisema Bura, mtu wa hapa anakuelewa. Mtu wa mbali atauliza: Bura gani?

Katika Kenya peke yake kuna wadi tatu zinazoitwa Bura. Kuna Bura yetu, katika eneo la bunge la Fafi, Kaunti ya Garissa. Kuna Bura ya Tana River, upande wa pili wa mto, ambayo jina lake limekuwa pia jina la eneo zima la bunge. Na kuna Bura ya Mwatate, katika Taita Taveta, ambako misheni ya Kikatoliki ilianzishwa 1892. Hiyo ya Tana River ndiyo iliyoandikwa sana, kwa sababu ya mradi wa umwagiliaji uliopata mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970. Mapema miaka ya 1980 familia zikaletwa kutoka pande nyingi za Kenya kulima pamba. Wataalamu wameandika ripoti juu ya ripoti kuhusu mradi ule, mabaya yake na mazuri yake, na nyingi ziko kwenye intaneti. Kwa hiyo mtu akiandika "Bura" pamoja na "kilimo", sisi wa Garissa tuko nyuma ya foleni ndefu.

Tena hatujatoka Kenya bado! Kule Nigeria, katika jimbo la Borno, kuna watu waitwao Wabura na lugha yao. Kule Niger kuna mahali paitwapo Bura palipochimbuliwa sanamu za udongo za kale. Na watu wa pwani ya Kroatia wana upepo mkali wa baridi wanaouita bura. Huo upepo baridi tungeupenda hapa mwezi wa Februari, lakini hautusaidii kuuza mbuzi.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa kila kikundi ni hili: usiandike Bura peke yake. Andika Bura na kitu cha kuitambulisha. Akina mama wetu walibishana kidogo hapa. Wengine walitaka "Bura East", kwa kuwa watu wa ofisini hutuita hivyo. Wengine walitaka "Bura ya Fafi". Mwenyekiti akauliza swali lililokata mzizi: yule mnunuzi wa Mombasa anajua Fafi ni nini? Pengine hajui. Lakini Garissa anaijua, kila mtu wa biashara ya mifugo anaijua. Basi wakakubaliana kwamba neno Garissa liwemo kila mara, Fafi iwemo pale nafasi inaporuhusu, na "Bura East" iandikwe ndani ya ukurasa, katika maelezo, ili anayeitumia aipate pia.

Jina la kikundi nalo ni hivyo hivyo. Kikundi hiki tukiite Umoja, ingawa silo jina lake. Ni Umoja wangapi wako Kenya? Huko Samburu, karibu na Archers Post, kuna kijiji cha akina mama kiitwacho Umoja, kilichoanzishwa 1990, na kimeandikwa na magazeti ya dunia nzima. Nairobi kuna mtaa mzima wa Umoja. Hatusemi mbadilishe jina mlilolichagua kwa moyo. Upendo ni jina zuri, Tumaini ni jina zuri, Mwangaza pia. Tunasema tu kwamba jina hilo lisiachwe limesimama peke yake, na lisitangulie jambo ambalo mgeni analitafuta. Mtu anayetaka mbuzi haandiki "Umoja". Anaandika "mbuzi".

Ndiyo maana katika kurasa za bidhaa tuliweka bidhaa mbele, mahali katikati, na jina la kikundi mwisho. Ukurasa wa mbuzi sasa unaitwa "Mbuzi wa kuuza, Bura ya Fafi, Garissa – Umoja". Hesabuni herufi, pamoja na nafasi zake: ni 45. Google haina kipimo kamili cha herufi, hukata kwa upana wa nafasi iliyopo. Lakini ukibaki ndani ya herufi 60 hivi, kwa kawaida uko salama. Na hata kikikatwa mwisho, kitakachopotea ni jina la kikundi, mbuzi watabaki.

Ukurasa wa nyasi ulikuwa na hadithi yake. Kijana fundi alitaka uitwe "Huduma Zetu". Tukamwuliza: huduma gani, kunyoa nywele? Akacheka. Ukaitwa "Nyasi kavu za mifugo kwa marobota, Bura, Garissa – Umoja". Neno "marobota" lilitoka kwa mama mmoja aliyesema kwamba wanunuzi kwenye simu huuliza, "Robota ni pesa ngapi?" Hilo ni jambo la kushika. Maneno ya kuweka kwenye kichwa ni yale wanayotumia wanunuzi, si yale ya kwenye ripoti. Tumeona kikundi cha vijana kinachotengeneza makaa ya mathenge kikiandika "Matumizi Endelevu ya Prosopis juliflora". Jina ni sahihi, mtaalamu wa misitu atafurahi. Lakini mti huu uliopandwa maeneo yetu miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, na sasa umetufunga njia za mtoni, watu wengi hapa Kenya wanauita mathenge. Mnunuzi wa makaa ataandika "makaa ya mathenge". Kama mnamtaka mtaalamu pia, mwandikieni ukurasa wake, wenye kichwa chake, na kama ni kwa Kiingereza basi kichwa kiwe cha Kiingereza vilevile. Msichanganye lugha mbili katika kichwa kimoja. Kinarefuka bure.

Ukurasa wa hesabu wengi huuandika "Ripoti". Ripoti ya nini, ya mwaka gani? Mfadhili au afisa wa maendeleo ya jamii anayetaka kujua kama kikundi kinaaminika hutafuta hesabu kwanza. Sasa unasomeka "Hesabu za kikundi 2021 hadi 2023 – Umoja, Bura ya Fafi". Mwaka ukiongezeka, kichwa kibadilishwe siku hiyohiyo. Kichwa kinachosema 2023 na ndani kuna hesabu za mwaka mwingine kinamfanya mtu ashuku hata hesabu zilizo safi.

Ukurasa wa picha tuliugawa, maana picha za kuchimba silanga na picha za harusi zilikuwa zimelala pamoja. Wa simu ulikuwa mwepesi: "Simu na mahali tulipo – Umoja, Bura ya Fafi". Na ule wa mwanzo ukachukua jina kamili la kikundi pamoja na mahali. Huo peke yake ndio unaoweza kuanza na jina.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona sasa tusiweke maneno mengi, mtambo ukaona yote? "Mbuzi, mbuzi bei nafuu, mbuzi Garissa, mbuzi Bura, mbuzi Kenya." Hapana. Mitambo ya siku hizi huitambua hila hiyo na haiipendi, na binadamu akiisoma anadhani ni matapeli. Vilevile msiandike kwenye kichwa kitu ambacho ndani hakimo. Mtu akibonyeza "Ngamia wa kuuza" akakuta mbuzi, harudi.

Na tukishataja matapeli, tuseme jambo ambalo limetuuma. Kikundi kimoja tunachokijua kilitoa fedha za mzunguko, zile za wanachama zenyewe, kumlipa mtu aliyeahidi kwamba tovuti yao itakuwa ya kwanza kabisa kwenye Google. Hakuna lililotokea, na mtu huyo simu hashiki tena. Google yenyewe inasema wazi kwamba hakuna mtu awezaye kutoa ahadi ya nafasi ya kwanza. Akija mwingine na ahadi hiyo, mweka hazina afunge kisanduku. Kubadilisha vichwa vya kurasa saba ni kazi ya alasiri moja, na fundi aliyetengeneza tovuti anaweza kuifanya akiandikiwa vichwa hivyo kwenye karatasi.

Jambo la kumwuliza fundi ni kwa nini vichwa vilifanana toka mwanzo. Mara nyingi sababu ni hii: alitengeneza ukurasa wa kwanza, akaunakili mara sita, akabadilisha maandishi na picha, akasahau kichwa kwa sababu hakionekani. Tusimkasirikie. Kama tovuti imetengenezwa kwa WordPress, jina mnaloupa ukurasa pale juu wakati wa kuuandika ndilo kwa kawaida huwa kichwa chake, na jina la tovuti huongezwa. Basi msiuite "Ukurasa wa 2".

Mnaweza kukagua wenyewe bila fundi. Fungueni Google, andikeni site: na hapo hapo, bila kuacha nafasi, anwani ya tovuti yenu. Zitatokea kurasa zenu ambazo Google inazijua, kila moja na kichwa chake. Mtu mmoja asome kwa sauti na wengine wafumbe macho. Kama kwa kusikia tu mnaweza kusema huu ni wa nyasi, huu ni wa hesabu, mko sawa. Zoezi hilo lina maana nyingine pia, kwa sababu ndugu zetu wasioona hutumia programu inayowasomea ukurasa kwa sauti, na kwa kawaida kichwa ndicho wanachosikia kwanza. Mtu akisikia "Nyumbani" mara saba atajuaje yuko wapi?

Mkishabadilisha, msitegemee kuona matokeo kesho asubuhi. Ile programu inayozunguka lazima ipite tena, na yaweza kuchukua siku chache au majuma kadhaa. Wala kichwa kizuri si dawa ya ukurasa mtupu. Ukurasa wa mbuzi usiotaja bei, wala idadi, wala namba ya simu, utapatikana na bado hautauza.

Akina mama wetu walimaliza kurasa sita siku ile, tukaandika vichwa kwa chaki kwenye ubao wa darasa tuliloazimwa. Wa saba, ule wa mikeka, haukwisha. Wazee wa kikundi walisema kila aina ya mkeka ina jina lake na matumizi yake, kuna wa kulalia, kuna wa kufunikia nyumba, na kuviita vyote "mikeka" ni kama kuita ngamia na mbuzi "wanyama". Vijana wakasema mnunuzi wa Nairobi hajui majina hayo. Mama mmoja akasema basi ziwe kurasa mbili, kila mkeka na wake. Fundi akauliza nani atapiga picha. Kufikia hapo jua lilikuwa limeshuka, na mikeka yenyewe ilikuwa bado imekunjwa kule ghalani. Kikao kitaendelea Jumamosi.